Sauti ya Rubani ni Lazima Ieleweke

Kwa sisi wananchi wa Visiwa, usafiri wa ndege umekwishakuwa haja ya kila siku. Ndege ndogo huvuka baina ya Unguja, Pemba na Dar es Salaam mchana kutwa, na ndege kubwa za kigeni hutua Kisauni zikiwaleta wageni ambao utalii wetu unawategemea. Si ajabu, basi, kuwaona vijana wetu, wa kike na wa kiume, wakitamani kuwa marubani, na wazee wao wakiwa tayari kuuza walicho nacho ili azma hiyo itimie. Leo tunapenda kulizungumza jambo moja linaloweza kumrudisha kijana mlangoni hata kabla hajaigusa ndege ya kujifunzia. Jambo lenyewe ni mtihani wa kujiunga na chuo cha urubani, na hasa sharti la lugha ya Kiingereza.

Wako miongoni mwetu wanaoliona sharti hilo kuwa ni mabaki ya ukoloni. Wako na wengine wanaoomba lilegezwe kwa ajili ya vijana wetu, kwa hoja kwamba ndege huendeshwa kwa mikono na akili, haiendeshwi kwa ulimi. Tunayaheshimu maoni hayo, lakini hatukubaliani nayo. Sharti hili limeandikwa kwa damu ya watu, na ni wajibu wetu kuieleza historia yake kabla ya kulihukumu.

Tarehe 27 Machi, 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa, moja ya Uholanzi na moja ya Marekani, ziligongana juu ya njia ya kurukia huku ukungu umetanda. Watu 583 walipoteza maisha. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ilikuwa ni maneno. Rubani wa Kiholanzi alitamka kwa Kiingereza kauli iliyokuwa na maana ya kwamba tayari anaruka. Mwongoza ndege wa Kihispania akaifahamu kuwa yuko mahali pa kurukia na anangoja ruhusa. Tangu hapo ilikatwa shauri kwamba neno la kuruka lisitamkwe redioni ila pale tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa.

Januari 25, 1990, ndege iliyotoka Colombia ilianguka karibu na New York baada ya kuzungushwa angani kwa zaidi ya saa nzima hadi mafuta yakaisha. Walikufa watu 73 kati ya 158. Marubani wake waliomba wapewe kipaumbele, wakasema mafuta yanakwisha, lakini hawakulitamka lile neno la dharura ambalo lingewafanya waongoza ndege waache kila kitu na kuwashughulikia wao. Novemba 12, 1996, karibu na Delhi, ndege ya Kazakhstan iliyoamriwa ibakie kwenye futi 15,000 ilishuka chini ya kiwango hicho na kugongana na ndege ya Saudi Arabia. Watu wote 349 waliokuwemo katika ndege hizo walikufa, na udhaifu wa Kiingereza wa wafanyakazi wa ndege ya Kazakhstan ulitajwa katika uchunguzi.

Kutokana na misiba ya namna hii, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilipitisha mwaka 2003 kanuni za ujuzi wa lugha kwa marubani na waongoza ndege. Kanuni hizo zilianza kutumika Machi 2008, na nchi zilizokuwa bado hazijawa tayari zikapewa muda hadi Machi 2011. Kuna ngazi sita, na anayetaka kuruka katika safari za kimataifa hana budi afikie angalau ngazi ya nne. Mtahiniwa hupimwa katika mambo sita: matamshi, muundo wa sentensi, msamiati, ufasaha, usikivu na uwezo wa kujibizana. Ngazi anayopewa ni ile ya jambo alilokuwa dhaifu zaidi, kwani mtungi wenye ufa mmoja hauhifadhi maji, hata uwe mzuri namna gani pande nyingine. Na aliyepata ngazi ya nne hurudi kupimwa kila baada ya miaka mitatu.

Hapa tunataka wasomaji watufahamu vizuri. Kanuni hizi hazimtaki kijana wa Wete au Makunduchi azungumze kama mzaliwa wa London. Lafudhi ya lugha ya mama inaruhusiwa, maadamu haimzuii msikilizaji kuelewa. Hata Mwingereza na Mmarekani wanatakiwa wapunguze kasi ya kusema na waache misemo ya kwao wanapokuwa redioni. Wala kanuni haikikatazi Kifaransa au lugha nyingine kutumika baina ya rubani na mnara wa nchi yake. Inachodai ni kwamba Kiingereza kipatikane kwa kila rubani wa kigeni atakayekihitaji. Hata tarakimu zimepewa matamshi yake maalumu: tatu hutamkwa "tree", tano "fife" na tisa "niner", ili zisichanganywe katika mikwaruzo ya redio. Basi kinachotafutwa ni kueleweka, wala si fahari ya mtu yeyote.

Mtihani wa kujiunga na vyuo vya urubani umejengwa juu ya msingi huo huo. Pamoja na Kiingereza, vyuo vingi humpima kijana hisabati na fizikia, kumbukumbu yake, uwezo wake wa kutambua mielekeo, wepesi wa macho na mikono, na namna anavyoweza kufanya mambo mawili au matatu kwa pamoja bila ya kufadhaika. Halafu huja usaili na uchunguzi wa daktari. Sauti inamsomea maelekezo mara moja tu, naye hana budi ayashike huku mikono yake ina kazi nyingine. Akitumia nusu ya akili yake kufasiri maneno, nusu inayobaki haitoshi kuongoza chombo.

Na hapo ndipo ilipo kasoro yetu. Katika skuli zetu za sekondari masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, lakini Kiingereza hicho aghalabu ni cha ubaoni na daftarini. Mwanafunzi hunakili, hukariri, hujibu karatasi ya mtihani, na huweza kumaliza mwaka mzima hajaulizwa swali akalijibu kwa mdomo kwa dakika tano mfululizo. Ajabu ni kwamba njia bora ya kufundisha tunayo tangu zamani. Mtoto wa chuoni husomeshwa herufi kwa kutamka. Mwalimu humtajia, naye hurejesha vile vile, na akikosea husahihishwa papo hapo. Rubani naye hufanya hivyo hivyo: kila amri ya mnara huirejesha kama alivyoisikia, na mwongoza ndege humsahihisha palipo na kosa.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wizara zinazohusika. Kwanza, usikivu na mazungumzo viingizwe katika ufundishaji na upimaji wa Kiingereza sekondari, na visiachiwe bahati ya mwalimu mmoja mmoja. Pili, kijana yeyote anayeombewa nafasi ya masomo ya urubani, iwe Soroti, Addis Ababa au kwengineko, apimwe lugha na afya yake hapa hapa nyumbani kabla fedha za umma au za mzee wake hazijalipwa. Tatu, upimaji huo uwe wa wazi, na sauti za watahiniwa zirekodiwe na kuhifadhiwa, ili mtoto wa mvuvi na mtoto wa mkubwa wapimwe kwa mizani moja.

Juu ya hili la tatu tunasisitiza. Cheti cha lugha kilichopatikana kwa kujuana hakimdanganyi mtahini peke yake. Kinawadanganya abiria wote watakaopanda nyuma ya rubani huyo. Ofisini, mtu asiyejua kazi huchelewesha mafaili. Angani huua.

Kwa vijana wenyewe tunasema: msingojee tangazo la nafasi ndipo mkatafute kamusi. Semezaneni, someni kwa sauti, sikilizeni redio, na mkosoane bila ya kuchekana. Wala Kiswahili chetu hakitapungua hadhi kwa hilo, kwani anayezielewa hisabati na fizikia vizuri kwa lugha yake huzieleza vizuri zaidi kwa lugha ya pili.

Wahenga wamesema, samaki mkunje angali mbichi. Tukiwatayarisha vijana wetu tangu wangali skuli, watautokea mtihani huo kwa haki yao, na sisi tutapanda ndege zao bila ya hofu.