Kujinyima kwa Ajili ya Imani katika Njia Panda

Mwalimu mwenzangu, huenda umewahi kusahihisha insha inayodai kuwa Joshua, mhubiri wa Makuyu katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, The River Between (1965), iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kama Njia Panda, ni kielelezo cha Mkristo aliyejinyima. Mtahiniwa hueleza kwamba Joshua alimtoa hata bintiye, kisha humlinganisha na Ibrahimu. Hoja hii huvutia, lakini ina kasoro, na kasoro yenyewe hudhihirika katika sarufi.

Kiambishi -ji- katika "kujinyima" ni kirejeshi: mtenda ndiye mtendwa. Anayejinyima hulipa mwenyewe. Joshua alilipa hivyo ujanani, alipovihama vilima na kukimbilia misheni ya Siriana huku akihofia hasira ya watu wake. Hapo alipoteza marafiki na nafasi yake katika jamii. Wanafunzi waonyeshwe jambo hili, maana wengi wetu humchukia Joshua mapema mno tukamfanya mhusika bapa.

Baadaye gharama ya imani yake huwaangukia wengine. Muthoni anapokwenda kwa shangazi yake Kameno ili atahiriwe, babake anamkana. Anapofariki hospitalini Siriana, Joshua haonyeshi huzuni. Kwake binti huyo alikwisha kutoweka. Hapa ndipo mfano wa Ibrahimu unapovunjika. Mwanzo 22 inamtaja Isaka kuwa mwana ampendaye babake, na uzito wote wa kafara umo katika upendo huo. Miriamu ana imani ileile ya mumewe, ila yeye hakuacha kuwa mama. Nyambura naye anajaribu kweli kumwacha Waiyaki kwa kumtii baba na dini. Huko ni kujinyima, japo wanafunzi hukupita haraka.

Usuli wa kihistoria usaidie. Mwaka wa 1929 baadhi ya misheni Ukikuyuni ziliwataka waumini waape kuikana tohara ya wasichana. Waliokataa walitengwa, na watoto wao wakakosa shule.

Hata hivyo, tusimfundishe mwanafunzi kwamba Joshua alikosea kuipinga tohara hiyo. Sheria ya mwaka wa 2011 imeipiga marufuku nchini Kenya. Kosa lake ni kumtupa mtoto pamoja na mila. (Swali la mtihani likiuliza tu "Joshua ana msimamo thabiti. Thibitisha", basi limemsaidia kujificha.)

Zipo sehemu za nchi hii ambako wasichana hutoroka makwao ili wasitahiriwe, wakahifadhiwa na makanisa. Msichana wa namna hiyo huacha baba, mama na kitanda chake, bila kujua kama atapokelewa akirudi. Iwapo yumo darasani mwako, usimlazimishe kusema. Akitaka mwenyewe, mwanzishe na Joshua yule kijana aliyevihama vilima, kabla ya kufika kwa Joshua mzee.