Miezi Miwili ya Zohali Ipokezanayo Njia

Mkazi wa Osiri, au wa kijiji chochote cha kaunti za Migori na Homa Bay, Kenya, kilicho karibu na Ziwa Viktoria, hahitaji kufundishwa ya kwamba nuru yaweza kuwa hijabu. Kwani wavuvi wa omena, ambao usiku wa giza huzipanga taa zao juu ya maji, mbalamwezi ikijaa huanika nyavu na kukaa ufuoni, maana samaki hawaifuati taa ndogo ilhali ziwa zima limeng'aa.

Taabu hiyo iliwapata wanafalaki kwa sayari ya Zohali, ambayo pete zake za barafu zina mwangaza mwingi hata mwezi mdogo upitao kando yake usionekane. Lakini kila baada ya miaka kama 15 pete hizo huielekezea dunia yetu ukingo wake mwembamba, nuru yake ikafifia. Na ilipotokea hivyo mwaka 1966, mwezi wa Desemba, Mfaransa Audouin Dollfus akauona mwezi usiojulikana, ukaitwa Janus, na siku tatu baadaye Mmarekani Richard Walker akaona nuru iliyodhaniwa kuwa ndiyo ile ile. Hesabu za njia yake zikakataa kulingana, mpaka mwaka 1978 Stephen Larson na John Fountain walipobainisha ya kwamba miezi ni miwili. Na mwaka 1980 chombo cha Voyager 1 kikasadikisha. Wa pili ni Epimetheus.

Njia zao zaachana kwa kilomita 50 tu, ilhali Janus una upana wa kilomita 180 hivi na mwenziwe kama 116, hata mtu angedhani kugongana hakuna budi. Ulio ndani huenda kasi kidogo zaidi, na kwa muda wa miaka minne hivi huukaribia wa nje. Lakini ingali mbali, maelfu ya kilomita, wa nje huuvuta wa ndani mbele, nao kwa kuzidishiwa nguvu hupanda njia ya juu yenye mwendo wa taratibu, na ule uliovuta, kwa kupunguziwa nguvu, hushuka chini na kutangulia. Epimetheus, kwa wepesi wake, huhama kilomita 80 hivi. Janus, ulio mzito, 20 tu.

Mwezi Machi 2025 pete zilifikia tena hali ile ya 1966. Lakini pete hizo haziufichi mwezi tu, bali huutegemea pia, kwani mvuto wa Janus ni miongoni mwa sababu za ukingo wa nje wa pete iitwayo A kutotawanyika. Basi pete zilizouficha kwa karne nyingi zilikuwa, muda wote huo, zikihifadhiwa nao.