Benki Haimwulizi Mteja Namba ya Siri

Malipo ya mazao yanapoanza kuingia katika akaunti za wakulima, matapeli nao huanza kupiga simu. Tapeli hujitambulisha kuwa ofisa wa benki, huonya kwamba akaunti itafungwa, kisha huomba namba ya siri au tarakimu zilizotumwa kwa ujumbe mfupi. Tarakimu hizo ndizo zinazoidhinisha fedha kutolewa. Benki haina haja ya kumwuliza mteja.

Mkazi apigiwaye simu ya namna hiyo aikate, aithibitishe taarifa kwa namba iliyo nyuma ya kadi yake, kisha airipoti namba ya tapeli Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa ujumbe kwenda 15040. Aliyekwisha kuitaja namba ya siri aitake benki izuie akaunti mara moja, kabla fedha hazijahamishwa.