Uhuru Iliyoruka kutoka Ghuba ya Ungwana

Ukishuka na Mto Tana kutoka Garsen, ukayapita mashamba ya mpunga na miembe ya Wapokomo, utafika Kipini, mto unapomwaga maji yake ya tope katika Ghuba ya Ungwana. Kusini mwa ghuba hiyo hiyo, mbele ya Ngomeni, Waitaliano walisimamisha jukwaa la chuma baharini, San Marco. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu: kutafuta miale ya eksirei angani.

Msimamizi wake alikuwa Marjorie Townsend, mhandisi, mwanamke wa kwanza kuongoza mradi wa setilaiti huko NASA. Siku ile Kenya ilitimiza miaka 7 ya kujitawala. Townsend akaiita Uhuru.

Kwa nini hapa? Eksirei za nyota haziipenyi hewa, kwa hiyo sharti mtu azifuate juu. Na karibu na ikweta dunia huzunguka kwa kasi kubwa kuliko kwingineko. Roketi inayoelekea mashariki huondoka kama jahazi linalotoka na maji. Faida nyingine ni kwamba njia ya juu ya ikweta huikwepa sehemu kubwa ya mnururisho mkali ulio juu ya Atlantiki ya Kusini, ambao ungevuruga vipimo.

Uhuru ilikikuta chanzo cha eksirei kiitwacho Centaurus X-3 kikipiga kama mshipa wa damu, kila sekunde 4.8, na kila baada ya siku mbili na ushei kikifichwa na nyota kubwa. Basi ni nyota ya nyutroni, ndogo mno, inayomnyonya mwenzake gesi. Gesi ikianguka hupata moto hadi itoe eksirei. Cygnus X-1 nayo ilimeremeta ovyo, kwa vipande vya sekunde. Kinachobadilika haraka hivyo hakiwezi kuwa kikubwa. Wanafalaki walipoupima mwendo wa nyota iliyo jirani yake, wakaona kitu hicho ni kizito mno kuwa nyota ya nyutroni, wakajikuta mbele ya shimo jeusi.

Riccardo Giacconi, aliyewaongoza wanasayansi wa mradi, alipata Nobel mwaka 2002. Sina ugomvi naye. Ila kifaa kisipofika juu kikiwa kizima, mwanasayansi hana cha kusoma, na kukifikisha ilikuwa kazi ya Townsend.

Orodha ya nne ya Uhuru, ya mwaka 1978, ina vyanzo 339 vya eksirei. Hadi leo wanafalaki huviita vingi kwa herufi 4U, kama 4U 1700-37. Hiyo U ni Uhuru.