Malori ya zamani ya jeshi: mnadani bei ndogo, gerejini mfuko mpana

Mmarekani mwenye dola elfu chache, pesa ambayo aghalabu haitoshi kununua saluni nzuri iliyotumika, anaweza kujipatia lori la jeshi la ekseli tatu, zote zinavuta, lililoundwa kubeba tani mbili na nusu hata mahali pasipo na barabara. Lori hilo ni M35. Limestaafu jeshini na sasa linanunuliwa na wakulima, watengenezaji filamu na wapenzi wa historia ya kijeshi. Bei ya mnadani ndiyo inayowaponza wengi. Katika biashara hii lori lenyewe ni sehemu ndogo ya gharama. Pesa hasa huishia kwenye vipuri, na kwa fundi anayejua alichokishika.

M35 ilianza kutoka kiwanda cha REO mwaka 1950. Viwanda vingine vikairithi, ikaboreshwa hapa na pale, na ilikuwa bado kazini malori mapya ya FMTV yalipoanza kuingia vikosini mwaka 1996. Katika muda wote huo jeshi halikununua malori tu. Lilinunua pia beringi, sili, nozeli na pampu za kutosha miaka mingi, likaziweka bohari, kila kimoja kikiwa na namba yake ya tarakimu 13 inayotumiwa na majeshi ya NATO. Mwenye gari leo anaagiza kipuri kwa namba hiyo hiyo, na anaweza kuletewa kitu kipya ambacho hakijawahi kufunguliwa tangu siku kilipofungashwa. Huo ndio msingi wa biashara nzima: walipa kodi wa Marekani walishalipia spea zamani, na wauzaji wa leo wanaishi kwa masalio hayo. Masalio hayaongezeki.

Njia ya kulipata lori ni nyepesi. Idara ya jeshi inayoshughulikia mali iliyozidi mahitaji hulikabidhi kwa kampuni ya mnada, kama GovPlanet, nayo huliuza mtandaoni. Mnunuzi hupewa fomu ya serikali iitwayo SF 97, ambayo ndiyo anayokwenda nayo kusajili gari jimboni kwake. Uzito nao unaisaidia M35. Ikiwa na mzigo wake wa barabarani inabaki chini ya ratili 26,001, kiwango ambacho sheria ya shirikisho huanzia kudai leseni ya malori makubwa ya biashara. Lori la tani tano la familia ya M939 lina nguvu zaidi, lakini linavuka mstari huo, na wanunuzi wengi huliogopa kwa sababu hiyo.

Gharama huanza lori likishafika nyumbani. Breki kwanza. M35A2, toleo mojawapo la lori hili, hutumia upepo kusukuma mafuta ya breki, na mafuta hayo yako kwenye njia moja tu. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote yanakosa breki, na una tani karibu sita zinazoteremka mlima. Naona ni kosa kubwa kuliendesha lori hili barabarani kabla ya kubadilisha kila hozi ya mpira na kufungua silinda za magurudumu yote. Wenye busara huongeza masta silinda ya njia mbili, hata kama gari halitakuwa tena kama lilivyotoka kiwandani. Kuna jambo jingine ambalo wageni hawalijui: tangu miaka ya 1980 jeshi lilitumia mafuta ya breki ya silikoni, na hayo hayachanganywi na yale ya kawaida ya dukani.

Kisha injini. LDT-465 ya lita 7.8 iliundwa kuchoma karibu chochote: dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, hata petroli kwa dharura. Sifa hiyo imewafanya watu wamimine mle oili chafu iliyomwagwa kutoka injini nyingine, wakiamini wameokoa pesa. Filta huziba, na uchafu unaopenya huenda kwenye kichwa cha pampu ya mafuta, sehemu nyeti na ya bei kubwa. Mafundi wanaoweza kuifungua pampu ile na kuirudisha katika vipimo vyake ni wachache, wengi wao ni watu wazima, na foleni zao ni ndefu. Lori linakwenda takriban kilomita nne kwa lita, kwa hiyo kishawishi cha mafuta ya bure kinaeleweka. Lakini hesabu yake haikubali.

Magurudumu yana hadithi ambayo fundi pancha yeyote wa barabara kuu ya Morogoro ataielewa. Ni rimu za ringi, zile ambazo ringi isipokaa vizuri wakati wa kujaza upepo inaweza kuruka na kuua mtu. Gereji nyingi za Marekani huzikataa, na anayezikubali hutoza kulingana na hatari.

Tukirudi nyuma zaidi, kwenye lori la GMC CCKW la Vita vya Pili vya Dunia, hesabu hubadilika. Zilitengenezwa zaidi ya 500,000 kati ya 1941 na 1945. Ndizo zilizobeba msafara wa Red Ball Express, kuanzia 25 Agosti hadi 16 Novemba 1944, kulisha majeshi yaliyokuwa yakisonga mbele Ufaransa, na takriban robo tatu ya madereva wake walikuwa Wamarekani weusi. Kwangu mimi hilo pekee linatosha kuzihifadhi. Ila anayekarabati CCKW kwa matumaini ya faida atajuta: kunyoosha bati, kuunda upya bodi ya mbao na kutafuta vipande halisi hula saa za fundi ambazo bei ya kuuzia hairudishi. Ufaransa, ambayo jeshi lake liliendelea kuzitumia kwa miongo kadhaa baada ya vita, ingali chanzo kizuri cha spea.

Uingereza soko ni la malori ya jeshi ya Bedford, na gari lililopita miaka 40 husamehewa kodi ya barabara. Baadhi ya Bedford hizo zilifika kwetu zikiwa zimestaafu: kampuni za safari za London zilizinunua jeshini, zikazifunga viti na turubai, zikabeba vijana kuvuka Sahara hadi Nairobi.

Sasa FMTV zenyewe zimeanza kufika mnadani. Gia zake ni za otomatiki na zinaongozwa kwa kompyuta, na matoleo ya baadaye yana injini ya namna hiyo pia. Gereji zilizoishi kwa spana na uzoefu wa pampu za miaka ya 1960 zinalazimika kununua vifaa vya kupima na kuajiri vijana wanaoweza kuvisoma. Zile ambazo hazijaanza zitabaki na M35, na bohari ya spea zake inapungua kila mnada unapopita.