Urekebishaji wa ruta kwa simu za video

Urekebishaji wa ruta kwa simu za video ni kazi ya kubadilisha mipangilio ya ruta ya nyumbani ili sauti na picha za mazungumzo ya video zipite bila kukatika. Ruta ni kifaa kinachounganisha kompyuta na simu za nyumbani na mtandao wa intaneti.

Filamu ya mtandaoni hupakuliwa sekunde kadhaa kabla ya kuonyeshwa, hivyo mtandao ukilegea kidogo mtazamaji hatambui. Mazungumzo hayana akiba hiyo. Kwa mujibu wa pendekezo G.114 la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), ucheleweshaji wa upande mmoja usiozidi milisekunde 150 hausumbui matumizi mengi. Kwa sababu hiyo programu za simu za video hupendelea itifaki ya UDP, ambayo haisubiri pakiti zilizopotea zitumwe tena.

Foleni ndani ya ruta

Mara nyingi simu hukatika si kwa sababu kasi ni ndogo, bali kwa sababu ya foleni. Laini nyingi za nyumbani hupakia polepole kuliko zinavyopakua. Mtu mmoja akipandisha picha zake mtandaoni huku mwenzake akiongea kwa video, pakiti za wote wawili hupanga mstari mmoja. Ruta yenye kumbukumbu kubwa huzihifadhi badala ya kuzitupa, na kompyuta inayotuma kwa TCP, ambayo hupunguza kasi inapoona pakiti zimepotea, huendelea kutuma tu. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha mbinu ya CoDel, inayopima muda ambao pakiti imesubiri badala ya kuhesabu pakiti zilizopo. Mbinu ya fq_codel (RFC 8290, 2018) hutenganisha pia foleni ya kila mawasiliano.

Katika ukurasa wa mipangilio, mbinu hizi huwa chini ya jina SQM au QoS. Kasi inayoandikwa hapo iwe chini kidogo ya ile iliyopimwa: laini inayopakia megabiti 10 kwa sekunde huandikiwa takriban 9. Hapo foleni hujengeka ndani ya ruta inayojua kuipanga, si kwenye modemu. Kwa ruta zinazotumia laini ya simu ya mkononi, ambazo ni nyingi Afrika Mashariki, kazi ni ngumu zaidi, maana kasi hubadilika kila saa.

Anwani na poti

Vifaa vya nyumbani hutumia anwani za binafsi, kwa mfano zinazoanza na 192.168, na ruta huzibadilisha kuwa anwani moja ya nje. Mifumo ya zamani ya H.323 ilimlazimu mtumiaji kufungua poti 1720 na nyinginezo. Programu za siku hizi hujitafutia njia kwa STUN, kwa kawaida kupitia poti 3478, na zikishindwa hupitia seva ya TURN. Maelekezo ya zamani yanayomwambia mtu aiweke kompyuta yake kwenye DMZ yafaa kupuuzwa, kwani huiacha wazi kwa yeyote aliye nje. Tena, ikiwa anwani ya nje ya ruta iko kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma anawagawia wateja wengi anwani moja, na kufungua poti hakusaidii kitu.

Waifai

Kabla ya yote hayo ni vyema kujaribu kuunganisha kompyuta kwa waya. Simu ikitulia, tatizo ni Waifai. Masafa ya GHz 5 kwa kawaida hayana msongamano mkubwa lakini hupenya kuta kwa shida. GHz 2.4 hufika mbali, ila hushirikiwa na Bluetooth, oveni ya maikrowevu na majirani. Huko chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11.