Sahani Zenye Picha za Nchi: Zitambue Kabla ya Kutoa Fedha

Katika nyumba nyingi za Meru na Embu huonekana sahani iliyotundikwa ukutani, karibu na saa na picha za jamaa. Haikuwekwa hapo ili itiliwe chakula, bali ipambe nyumba, kwa kuwa ina picha ya mto, ya miti mikubwa, au ya mlima wenye theluji. Nyingine zilitolewa kuwa zawadi za arusi. Nyingine zilikuwa mali ya Wazungu waliouza vyombo vyao walipoondoka baada ya Uhuru wa mwaka 1963. Sahani hizo hununuliwa na kuuzwa tena, na hapo ndipo asiyejua hupata hasara. Mmoja hutoa fedha za kahawa, ambazo zingelipa karo ya mtoto, apate sahani ya thamani ndogo. Mwingine humpa mchuuzi sahani njema kwa bei ya sufuria.

Yafaa kufahamu kwanza kwamba nyingi za sahani hizi hazikuchorwa kwa mkono, bali zilipigwa chapa. Fundi alichonga picha katika bamba la shaba, akalitia wino, akaichapa juu ya karatasi nyembamba, kisha akaibandika karatasi hiyo juu ya chombo. Mwaka 1756 mabwana John Sadler na Guy Green wa Liverpool, Uingereza, walikula kiapo kwamba walichapa vigae zaidi ya 1,200 kwa muda wa saa sita. Tangu hapo picha moja iliweza kuingia katika nyumba maelfu.

Jina la mchoraji nalo lisikudanganye. John Constable alimaliza picha yake maarufu, The Hay Wain, mwaka 1821. Yaonyesha mkokoteni wa farasi ukiwa ndani ya mto. Aliichora kwa rangi ya mafuta juu ya kitambaa, nayo imehifadhiwa katika jumba la National Gallery, London. Sahani yenye picha hiyo ni nakala tu, hata ikiwa jina la Constable limeandikwa pembeni, maana jina pia limepigwa chapa.

Basi mtu atatambuaje? Achukue kioo cha kukuza, aitazame picha mchana. Akiona nukta ndogo ndogo zilizopangwa sawasawa, hiyo ni chapa ya mashine ya siku hizi. Akiona mistari myembamba iliyochongwa, na mahali ambapo maua ya ukingoni hayakukutana vizuri, yamkini ni chapa ya zamani ya bamba la shaba. Akiona alama za brashi zisizolingana, rangi ikiwa nzito hapa na nyepesi pale, huenda mkono wa mtu umepita hapo.

Kisha aigeuze sahani asome mgongo wake. Neno England peke yake aghalabu huonyesha kwamba chombo kilitengenezwa baada ya mwaka 1891, kwa sababu sheria ya Marekani ilitaka bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka. Maneno Made in England aghalabu ni ya karne ya 20. Mwaka ulioandikwa chini ya jina la kiwanda mara nyingi ni mwaka kiwanda kilipoanzishwa, wala si umri wa sahani. Na ikiwa imeandikwa kwamba yaweza kuoshwa kwa mashine, hiyo si ya babu wa mtu yeyote!

Tena kuna sahani za ukumbusho zilizouzwa sana ng'ambo katika miaka ya 1970 na 1980, zikiwa na cheti na nambari. Wauzaji walisema idadi yake ina mpaka. Lakini mara nyingi mpaka huo ulihesabiwa kwa siku za kuchoma tanurini, wala si kwa sahani. Tanuri moja hutoa sahani nyingi kwa siku.

Kuhusu thamani, tazama mambo manne: kiwanda, uchache, uzima, na watu wanaoitaka. Igonge polepole kwa kidole. Nzima hulia kama kengele, yenye ufa hutoa sauti butu. Wala usiulize tu bei inayotajwa na muuzaji, bali uliza bei ambayo wanunuzi wamekwisha kulipa.

Mkulima wa miraa wa Nyambene hathamini kifurushi kwa uzuri wa majani ya mgomba yaliyokifunga, bali hukifungua akavitazama vijiti. Afanye vivyo hivyo kwa sahani. Akiipenda picha, na ainunue kwa bei ya pambo, aifurahie na watoto wake. Lakini akiambiwa ni hazina, asitoe hata shilingi moja kabla ya kuigeuza na kuusoma mgongo wake.